Sura ya Sita: Kibuyu cha Germana

Land Rover ya idara ya afya ya mkoa ilikuwa na umri wa kupewa shikamoo. Nasma Abdulrazaki aliitukana tangu Kolo hadi Sambweli bila kurudia tusi hata moja. Aliendesha mwenyewe, maana dereva alipunguzwa kazini mwezi Aprili pamoja na nusu ya karakana. Saa nne asubuhi aliposhuka mbele ya kituo kidogo cha polisi, upepo wa Julai ukimjaza vumbi masikioni, alikuwa amebakiwa na matusi machache. Aliyatunza kwa ajili ya watu.

"Karibu, Bibi Afya," alisema Sajini Matonya bila kuinuka. "Umesafiri bure. Tumeshamkamata."

"Mmemkamata nani? Ugonjwa?"

"Mkunga."

Alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya nondo, juu ya gunia, alikaa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri zamu yake kliniki.

"Shikamoo, mama," alisema Nasma.

"Marahaba, mwanangu. Yule binti amekunywa uji leo?"

"Binti yupi?"

"Wa Makole, kule Dodoma. Anifa. Uji wa mtu mwingine hanywi."

"Unamsikia?" alisema Matonya. "Yuko ndani na bado anataka kuwalisha."

Habari yenyewe ilikuwa fupi na mbaya. Kituo cha afya cha Sambweli kilikuwa na nyumba ya kusubiria wajawazito, chigonela kama wenyewe wanavyoiita, ambapo wanawake wa mbali walikuja kukaa wiki za mwisho wasije wakajifungulia njiani. Tangu Aprili wanawake watatu walishikwa na homa humo ndani. Wote watatu mimba ziliharibika. Mmoja wao, Swaumu, mke wa mwalimu, alizikwa Alhamisi iliyopita. Sasa wa nne, Anifa, alikuwa anaungua. Germana, huyu mkunga wa nyuma ya nondo, ndiye aliyekuwa mlezi wa nyumba ile: alipika, alifagia, alilala mlangoni.

"Kesho saa mbili gari la Kondoa linamchukua," alisema Matonya. "Shtaka ni mauaji."

"Kwa ushahidi gani?"

Sajini akavuta droo. Alisogeza mkate wa chai uliofungwa kwenye gazeti, akatoa kibuyu kidogo kama ngumi, kimezibwa kwa gunzi la mahindi. "Kilikuwa chini ya mto wake."

Nasma alikimimina juu ya karatasi. Likatoka vumbi laini la udongo, na katikati yake kama mbegu kumi hivi, za kijivu, bapa, zenye mikunjo, baridi kama kila kitu kingine kwenye chumba kile. Alizigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Hii dawa ya nini, mama?"

"Ya kinga."

"Kinga ya nini?"

Germana alimtazama Matonya, akasema maneno mawili matatu kwa lugha ya kwao Farkwa, ile inayogongwa kwa ulimi, kisha akafunga mdomo.

"Akianza kugonga hivyo ujue maelezo yamekwisha," alisema Matonya. "Sasa nisikilize, na mimi si mjinga kama unavyonitazama. Waliougua ni nani? Mke wa mwalimu. Mke wa bwana shamba. Mke wa fundi wa barabara. Na huyu wa mnunuzi wa alizeti. Wote watu wa kuja. Wenyeji wamelala humohumo, hakuna aliyepiga hata chafya. Mdudu hachagui kabila, Bibi Afya. Sumu ndiyo inayochaguliwa mtu."

Lilikuwa wazo zuri. Nasma alichukia kwamba lilikuwa zuri. Alirudisha mbegu kibuyuni bila kuzitazama mara ya pili, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku ile.

"Nipe mpaka jioni."

"Nakupa mpaka saa mbili kesho. Baada ya hapo kamuulize hakimu."

*

Chigonela ilikuwa imejengwa na wafadhili miaka miwili nyuma: bati juu, kuta za udongo, sakafu ya udongo uliopigwa. Saruji iliishia kwenye jiwe la msingi lenye jina la mfadhili. Wanawake walilala kwenye mikeka, vichwa ukutani.

Anifa alikuwa pembeni, umri wa miaka ishirini, macho mekundu. Kipimajoto kilisema thelathini na tisa na nusu.

"Dada Nasma," alisema. "Mimi nakufahamu. Nyumba yenu Makole iko nyuma ya msikiti. Mwambie mume wangu aje anichukue."

"Nitamwambia. Kwanza niambie, homa ilianza lini?"

"Inakaribia wiki mbili sasa. Ilinishika siku tatu nikadhani nakufa. Dokta akanipa klorokwini, ikaondoka. Nikakaa wiki nzima mzima, nikafua, nikasuka nywele. Juzi ikarudi yote, kama ilikuwa imesahau mzigo."

Nasma aliandika. Klorokwini siku ya pili, homa kuondoka siku ya tatu, kurudi siku ya kumi. Akapekua kadi za wenzake zilizokuwa kwenye kasha. Mke wa bwana shamba: ilirudi siku ya tisa. Swaumu: ilirudi siku ya kumi, ya kumi na nane, na iliporudi mara ya tatu hakuimaliza. Kila mahali mwandiko mmoja ulikuwa umeandika neno moja: malaria.

"Uji alipika nani?"

"Bibi Germana."

"Alikula nani?"

"Sisi wote," ilijibu sauti kutoka mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye tumbo la miezi tisa, anachambua uwele kwenye ungo. Jina lake Flaviana, mzaliwa wa palepale, na hii ilikuwa mimba yake ya tano. "Sufuria moja, upawa mmoja. Mimi nilirudia mara mbili. Kama ni sumu, mbona mimi nanenepa tu?"

"Aliwapa dawa nyingine? Mizizi, maji ya kunywa, kitu cha kupaka?"

"Dawa gani? Alitupa kelele. Lala, nawa, usibebe maji. Mama mkwe wangu hafiki hata nusu."

"Maji mnachota wapi?"

"Kisima kimoja na kituo. Dokta mwenyewe anakunywa, na haugui. Bahati mbaya."

Nasma alicheka kidogo, akakaa chini kwenye kizingiti. Uji mmoja, maji mamoja, mikeka ileile. Akauliza swali ambalo hakujua kwa nini analiuliza.

"Flaviana, ulikulia nyumba ya namna gani?"

"Tembe. Udongo chini, udongo juu, ng'ombe ndani. Hapa ndiyo mara ya kwanza nalala chini ya bati. Ikinyesha siwezi kusikia hata mawazo yangu."

"Na wewe, Anifa?"

"Makole, dada. Sakafu ya saruji. Unajua."

Mwalimu alikuwa amemwoa Swaumu Dodoma mjini. Mke wa bwana shamba alitoka Morogoro. Mke wa fundi alizaliwa kota za reli. Nasma alipiga mstari chini ya majina manne. Matonya alikuwa sahihi: kitu hiki kilichagua. Lakini hakikuchagua kabila. Kilichagua waliolelewa juu ya saruji.

*

Tabibu Deusdedit, ambaye Sambweli nzima ilimwita dokta naye hakuwahi kuwasahihisha, alimpokea kwa shati lililopigwa pasi na saa mpya mkononi.

"Malaria sugu, Bi Nasma. Na juu yake yule bibi na mitishamba yake."

"Umepima?"

"Wote. Daftari hilo hapo."

Nasma akalifungua daftari la maabara. Hadi tarehe nne Machi mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine, yule wa maabara aliyepunguzwa: huyu hana, huyu mdudu mmoja, huyu watatu, huyu minyoo. Baada ya hapo mwandiko ulikuwa wa Deusdedit. Wadudu wawili. Wadudu wawili. Wadudu wawili. Vipimo thelathini na nane, na hakuna aliyekutwa na mmoja, hakuna aliyekutwa na watatu, hakuna aliyekosa.

"Hongera," alisema Nasma. "Wadudu wa Sambweli wana adabu. Wanatembea wawili wawili kama masista wa misheni."

Deusdedit alitabasamu nusu.

"Nionyeshe hadubini."

"Imefungiwa. Funguo—"

"Nionyeshe."

Sanduku la hadubini lilikuwa mahali pake, chini ya dirisha, na kufuli juu. Kando yake chupa ya rangi ya kupakia damu ilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Nasma aliliinua sanduku. Lilikuwa zito. Alilitikisa, kitu kikagonga. Akachukua chuma cha dirishani, akavunja kufuli.

Ndani kulikuwa na tofali la kuchoma.

Nje jogoo wa mtu aliwika saa zisizo zake.

"Iko wapi?"

"Iko salama," alisema Deusdedit. "Iko Kondoa mjini. Nimefungua zahanati. Ni ruhusa siku hizi, Bi Nasma, serikali yenyewe imeruhusu. Nimeiazima kwa muda tu."

"Umeiazima kwa nani? Kwa Swaumu?"

"Usiniletee—"

"Nakuuliza mwenye mali. Hadubini ni ya hawa wanawake. Ulimwomba nani kati yao? Mke wa bwana shamba alikupa kabla mimba haijaharibika au baada?"

"Mshahara wangu unaujua? Wewe unakula posho Dodoma, unakuja hapa na gari—"

"Gari lile ukilitaka lichukue. Lakini mshahara mdogo ndio ulioandika wadudu wawili mara thelathini na nane? Ungeandika 'sijapima', Deusdedit. Maneno hayo hayana gharama. Ungeandika hivyo Aprili, mimi ningekuja Aprili."

Alilifunga sanduku na tofali lake ndani, akalibeba kwapani. Mlangoni aligeuka.

"Sindano za penisilini unazo?"

"Zimejaa stoo," alisema Deusdedit. "Hazina kazi."

"Zimepata."

*

Kabla ya kupewa kazi ya kufuatilia magonjwa ya mlipuko, Nasma alikaa miaka tisa maabara. Hadubini yake ya safari ilikuwa nyuma ya Land Rover, imeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto. Aliisimamisha juu ya boneti, akageuzia kioo chake juani. Tone la damu ya Anifa alilipaka, akalikausha, akalimwagia rangi, akakaa dakika ishirini akiitazama saa.

Kisha akainama.

Wadudu wa malaria hakuwaona hata mmoja. Kati ya chembe za damu kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizojipinda kama springi za kalamu, nyingi, zimetapakaa kila alikosogeza.

"Homa ya papasi," alisema, na hapakuwa na mtu wa kumsikia isipokuwa Flaviana aliyefuata harufu ya habari.

"Papasi?" Flaviana alishangaa. "Wale wa kwenye nyufa? Hao kwetu wametuuma tangu tunanyonya."

"Ndiyo maana unanenepa."

Papasi alijulikana Makole kwa sifa tu, hata na watoto. Babu yake Nasma, aliyepita nyika hii na misafara ya bidhaa, hakulala ndani ya tembe hata mvua inyeshe. Alilala uani, miguu ya kitanda chake cha kamba kwenye makopo ya majivu. Mwenyeji akiumwa utotoni mwili hujifunza. Mgeni anaumwa mara ya kwanza ukubwani, na mgeni mjamzito ana watu wawili wa kuugua.

Alimchoma Anifa sindano ya kwanza, dozi ndogo, akampa Flaviana kazi ya kumpima joto kila nusu saa. "Atatetemeka kabla hajapoa. Usiogope, usimfunike blanketi, na usimruhusu dokta kupita mlango huu."

"Akija namkalia," alisema Flaviana.

Kisha Nasma alichukua kisu, akachokoa ufa juu ya mkeka wa Anifa. Vikaanguka vitu viwili, kimoja kimevimba damu, vikaanza kutambaa polepole kwenda gizani. Akaviingiza kwenye kichupa.

Hapo kesi ilikuwa imekwisha. Alikuwa na ugonjwa, alikuwa na mdudu, alikuwa na mwongo mwenye tofali. Angeweza kwenda kumfungulia Germana mlango na kurudi Dodoma.

Lakini nyumba ilikuwa na miaka miwili tu, na imesimama peke yake katikati ya kiwanja. Papasi haruki. Hatembei kutoka nyumba hadi nyumba. Akihama, amebebwa na mtu.

Nasma alikitazama kichupa. Mmoja wa wale wawili, ambaye hakuwa ameshiba kama mwenzake, alikuwa bapa, wa kijivu, mwenye mikunjo. Akakumbuka karatasi ya asubuhi, na baridi ya kile chumba.

Tusi alilolitoa safari hii alijipa mwenyewe.

*

Saa kumi jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la kituo cha polisi hadi mezani. Nasma aliweka sanduku chini, akamweleza Matonya yote kuhusu nyuzi, daftari na tofali. Sajini alisikiliza akikwaruza kidevu.

"Basi si sumu," alisema hatimaye. Akachukua funguo, akafungua lokapu. "Bibi, toka. Una bahati."

Germana akatoka akinyoosha magoti. "Kibuyu changu," alisema.

Nasma angeweza kumwambia Matonya ampe. Droo ilikuwa wazi. Ilikuwa kazi ya kunyoosha mkono. Badala yake alikichukua yeye, akakimimina tena juu ya karatasi, pale palipopigwa na jua.

Walisubiri. Mbegu moja ikatoa miguu.

Ikatembea hadi ukingo wa karatasi. Ya pili ikaifuata. Matonya, aliyekuwa ameweka mkate wake kwenye droo ileile siku nne, alisogeza kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Mama," alisema Nasma, "hawa uliwaweka chigonela?"

"Ndiyo," alisema Germana, tena kwa fahari kidogo. "Nyumba mpya ile, ukuta haukuwa na kitu. Mama yangu alinipa wa kwetu nilipoolewa huku. Ukihama nao, mwili hausahau. Watoto sita nimezaa hivyo, hakuna aliyeshikwa na homa. Nikasema hawa wanawake watazaa bila kinga?"

"Mama. Homa ni ya hao."

"Hao?"

"Hao ndio."

Germana aliitazama karatasi. Kisha akageuka, akaingia tena ndani ya lokapu, akakaa juu ya gunia na kuuvuta mlango mwenyewe.

"Basi amekiri," alisema Matonya, akatafuta kalamu.

Nasma aliinua lile sanduku, akaligeuza. Tofali likaanguka mezani, chai ikaruka.

"Andika na hili."

"Bibi Afya—"

"Andika. Kielelezo cha kwanza, kibuyu. Cha pili, tofali. Papasi ameleta homa, sikatai. Homa hii sindano inaivunja, na sindano zimejaa stoo. Mwanamke wa kwanza aliugua Aprili. Ilitakiwa mtu mmoja ainame dakika kumi kwenye kioo, na Swaumu leo angekuwa ananyonyesha. Huyu mama hakujua. Yule alijua kwamba hajatazama, akaandika kwamba ameona. Sasa wewe ndiye polisi. Nani wa kwenda Kondoa?"

Matonya alilitazama tofali, kisha mlango wa lokapu, kisha tofali. Mwishoni aliichukua hati ya mashtaka, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akavaa kofia.

"Mke wangu alijifungulia pale Mei," alisema. "Walimpima. Wadudu wawili." Akachukua pingu kwenye msumari, akatoka.

Nasma akaenda kwenye nondo.

"Toka, mama."

"Niache, mwanangu."

"Siwezi kukuacha. Mimi naujua ufa mmoja tu. Nyingine zote unazijua wewe, na Anifa bado yuko mle ndani."

Jina hilo ndilo lililomwinua.

Walikwenda chigonela. Wanawake walikuwa wameshatoa mikeka nje. Anifa alikuwa kivulini, ametota jasho, anauliza kama kuna uji. Flaviana alisimama na jembe na sufuria ya maji yanayochemka, akampisha Germana kama anavyopishwa mtu mwenye nyumba.

Germana akapita ukutani taratibu, kidole kikigusa udongo. "Hapa mmoja," alisema. Jembe likapiga, maji yakamwagwa, wakatoka wengi kuliko mmoja. "Hapa mmoja. Hapa mmoja."

Kwenye kona ya dirishani kidole kikasimama. Palikuwa pamebaki msumari aliokuwa akitundikia buibui lake mke wa mwalimu.

"Hapa?" aliuliza Nasma.

Germana hakuugusa ukuta.

"Huyu alitoka mbali sana," alisema. "Hakuwa na kinga hata kidogo. Nilimwekea wanne."